Mtungi Wenye Sauti ya Athumani

Juzi mke wa mjukuu wangu aliniachia watoto wake wawili hapa Kwamndolwa akaenda sokoni, na pamoja na watoto akaniachia kitabu. "Bibi, wakisumbua wafungulie hiki, watatulia. Sitakawia." Kila anayekwenda sokoni husema hatakawia. Nikatandika mkeka kivulini nyuma ya nyumba, nikanyoosha miguu, nikampakata Nasra paja hili na Shabani paja lile. Nasra ana miaka mitatu na anajua kila kitu. Shabani hata miwili hajamaliza, yeye kazi yake ni kunyoosha kidole.

Kitabu chenyewe ni cha picha, hadithi ya kale ya Wazungu. Kuna mfalme, kuna binti mwenye nywele za rangi ya mkonge uliokauka, kuna msitu mweusi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, maneno nayasoma polepole kama mtu anayechambua mchele wenye mawe, kwa hiyo tulifuata picha. "Huyu nani?" "Kuku!" Alikuwa bata, lakini sikutaka ugomvi. Tukafika ukurasa wa kikongwe. Mgongo umepinda, mkongojo mkononi, macho mekundu, pua na kidevu vinakaribia kusalimiana. Shabani akaweka kidole pale, akaniangalia usoni, akasema, "Bibi."

"Siyo bibi," Nasra akamkaripia. "Huyo mchawi. Anakula watoto."

Kisha wote wawili wakageuka kunitazama vizuri, kama watu wanaokagua mbuzi kabla ya kumnunua.

Nilicheka, ndugu yangu msomaji, ungekuwapo nawe ungecheka. Lakini kicheko changu hakikufika mbali. Kiliishia Mkata, kule Handeni, miaka ile barabara haijatiwa lami, kwenye uwanja wa bibi yangu mzaa baba. Macho yake nayo yalikuwa mekundu.

Majina ya watu wote wa siku zile ninayo. Jina la mwalimu ninalo, la mkewe, hata la mbuzi wao mwenye pembe moja. Lakini wakubwa wale wamekwisha kulala, nitawaita kwa kazi zao tu. Watoto nitawataja, maana mtoto asipotajwa jina hulia.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Macho yake yaliiva kwa moshi wa kuchoma vyungu, wala siyo kwa kitu kingine. Udongo tuliuchimba ukingoni mwa mto, tukaubeba kichwani kwenye vikapu. Akautwanga, akaukanda kama bada, ule ugali wa muhogo, akaupandisha kwa vidole huku akiuzunguka yeye mwenyewe, kinyumenyume, ameinama, chungu kimetulia pale chini. Alilainisha kwa gunzi la mahindi, akang'arisha kwa kijiwe cheusi alichorithi kwa mama yake. Nyumba nzima ilinuka udongo mbichi, harufu ya mvua ya kwanza, mwaka mzima. Hata leo mvua ikianza kunyesha mimi hugeuka kutafuta bibi yuko wapi.

Na bei yake ilikuwa hivi: unayetaka chungu, unakijaza mahindi. Mahindi yanabaki kwa bibi, chungu unaondoka nacho. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulikuwa tunakula vyungu, kwa namna ya kusema. Chungu kidogo ni uji wa siku chache. Mtungi mkubwa ni kupumua mpaka mavuno.

Mama zetu wakienda shambani, watoto waliojua kutembea lakini hawajui kulima waliachwa uwanjani kwa bibi, na mimi ndiye niliyekuwa mlezi wao. Ndiyo sababu ya kutolewa shule. Walikuwa watatu. Zaina wa jirani, Mhando wa shangazi, na mdogo wangu Athumani, aliyekuwa ameanza kuongea majuzi tu na hakuwa na breki. Aliongea na kuku, aliongea na mwiko, aliongea usingizini. Bibi alimwita mume wangu, kama kawaida ya bibi na mjukuu wa kiume, na mimi akaniita mke mwenza. "Mke mwenza, mpe mume wetu uji kabla hajanimaliza masikio." Athumani hakuwa anakula kwa mtu mwingine. Tonge la bibi tu, lililopozwa kwa pumzi ya bibi.

Mwalimu wa shule yetu alitoka milimani, upande wa Lushoto, na mkewe alikuja na kitabu cha picha ndani ya sanduku, kimefungwa kwenye kitambaa. Ndicho kitabu cha kwanza chenye rangi tulichowahi kukiona. Huyu mama alikuwa na huruma. Aliniona napita na watoto watatu, mmoja mgongoni na wawili mkononi, akaniita barazani kwake. "Kaeni, niwaoneshe kitu." Tukaketi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, yeye alitusimulia kwa Kiswahili huku akifunua.

Zaina alipoona barafu imefunika njia na mapaa alipiga ukelele, "Wamemwaga unga!" Tukasikitika sote. Watu wenye unga mwingi kiasi hicho, na hawana adabu nao.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kikongwe aishiye peke yake msituni, ambaye huiba sauti za watoto na kuzifungia ndani ya vyungu. Rafu kwa rafu, vyungu vimepangwa, kila kimoja kina sauti ya mtoto. Watoto wa nchi ile wakawa mabubu, wanafungua midomo na hakitoki kitu. Mwisho msichana mmoja jasiri anaingia, anachukua fimbo, anavivunja vyungu vyote, na sauti zinaruka nje kama ndege na kurudi kwa wenyewe.

Mke wa mwalimu alisimulia vizuri mno. Alikuwa mgeni, hajawahi kufika uwanjani kwetu. Hakujua kwamba watoto wale wakitoka pale barazani wanarudi kwa kikongwe mwenye macho mekundu na nyumba iliyojaa vyungu.

Siku ya pili yake bibi alikuwa anachoma. Sasa wafinyanzi wa kwetu walikuwa na mwiko: vyungu vikiwa motoni hakuna kelele. Hakuna kugombana, hakuna kuimba, hakuna kumwita mtu kwa sauti. Kelele hupasua. Bibi alivipanga vyungu, akavifunika kwa magome na nyasi kavu, akawasha, na moshi ukasimama. Athumani, aliyezaliwa bila breki, akaanza, "Bibi moto! Bibi moto! Bibi, bibi, moto!"

Bibi akainama, akaweka kidole chenye majivu juu ya midomo ya mtoto. "Shii. Nyamaza, mume wangu. Vyungu vinasikia."

Nilimwona mdogo wangu. Aliangalia kile kidole, akaangalia vile vyungu, akaangalia macho ya bibi. Akafunga mdomo, akaweka viganja vyake viwili juu yake kama kifuniko.

Hakuufungua jioni. Hakuufungua kesho yake. Bibi alipommegea tonge alikimbia akajificha kwenye kanga ya mama. Na Zaina na Mhando, ambao wao waliendelea kuongea, waliongea wakiwa mbali. Wakimwona bibi anakuja wanabana midomo na kutoka mbio.

Mwanzoni watu walicheka. Jirani yetu, mama yake Zaina, alipita na ndoo yake akasema, "He, bibi! Nasikia mume kakupa talaka!"

"Kanipa," bibi akajibu, "na hata nauli ya kurudi kwetu hajanipa."

Wakacheka wote. Lakini jioni ile niliona sahani ndogo ya Athumani imekaa mbele ya bibi, tonge limeshapoa, naye analitazama. Hakula hilo tonge na hakumpa kuku.

Siku zikaenda, mtoto bubu. Hata nyumbani, hata kwa mama. Akitaka maji alivuta nguo. Akaumia mguu, akalia bila sauti, machozi tu. Kulia kwa namna hiyo usiombe ukuone. Na kwa jirani kicheko kikageuka. Sasa alipokuja hakuingia uwanjani, alisimama na mama pembeni, wakiongea kwa sauti ya chini, na nilimsikia akisema, "Mimi sisemi kitu, mwenzangu. Lakini mtoto aliongea. Aliongea mpaka siku alipoguswa mdomo." Kesho yake Zaina hakuletwa. Keshokutwa yake shangazi akamchukua Mhando.

Msomaji wangu, wewe ni mtu mzima, unajua neno gani lilikuwa linatafuta mlango pale. Neno hilo likishatoka mdomoni mwa jirani mmoja halirudishwi. Kikongwe anaweza kuishi nalo miaka kumi bila mtu kuingia kwake kuomba moto. Bibi alijua. Alifanya kazi yake kimya, akafinyanga mtungi mkubwa kuliko yote ya mwaka ule, ulioagizwa kwa harusi ya pale Mkata. Ulikuwa na shingo ndefu, nakshi za pembetatu mabegani, tumbo pana kama mwezi uliojaa. Tulikuwa miezi ya njaa, ghala limebaki vumbi, na mama alikuwa akipita karibu na mtungi ule anaugusa kidogo kwa kiganja, kama mtu agusaye tumbo la mja mzito. Ukijazwa ule, tungefika mavuno. Uliungua salama, ukatoka mwekundu, bila ufa.

Mimi ndiye niliyemweleza bibi habari za kitabu. Aliniuliza tukiwa tunapepeta mtama, "Mke mwenza, mume wetu ana nini?" Nikamsimulia yote, kikongwe na rafu na sauti. Akapepeta. Akapepeta tena. Kisha akasema, "Nenda ukamwambie mke wa mwalimu namsalimia, na ningependa kukiona hicho kitabu."

Mke wa mwalimu alikuja mwenyewe, kitabu kifuani. Alipofika uwanjani na kuona vyungu vimejipanga ukutani alisimama. Alielewa palepale, uso ukamshuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Tuoneshe."

Bibi alifunua kurasa kwa ncha za vidole, akijifuta udongo kila mara. Barafu aliifunua akaipita. Kwenye ukurasa wa vyungu alikaa muda mrefu. Tulidhani amekasirika.

"Kumbe na Ulaya kuna wafinyanzi," alisema mwishowe. "Huu mdomo wa mtungi ni kazi ya mtu anayejua. Huyu bibi amefundishwa." Akamtazama yule kikongwe wa pichani. "Na anaishi peke yake?"

"Ndiyo, bibi."

"Mm. Hana hata mjukuu wa kumchotea maji. Na mwisho wake?"

Mke wa mwalimu akaona aibu kusema. "Msichana anavunja vyungu, bibi. Vyote. Ndipo sauti zinatoka." Akaharakisha, "Lakini nitamwambia mtoto kwamba ni uongo. Nitamwita sasa hivi nimwambie ni hadithi tu."

Bibi akatikisa kichwa. Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Sisi watoto tuliambiwa ukisimulia mchana utaota mkia. Siku ile ndiyo niliyosikia sababu nyingine. "Hadithi ya usiku," bibi akasema, "hulala pamoja na mtoto. Asubuhi imekwisha. Hii yenu ilisimuliwa mchana, ikaamka na kutembea naye. Haiambiwi kwamba ni uongo, imeshafika mbali. Lazima imalizwe."

Akainuka. Mama alikuwa mlangoni, Athumani nyuma ya miguu yake. Bibi hakumsogelea. Alichuchumaa palepale katikati ya uwanja, mikono magotini.

"Mume wangu," akamwita. "Sauti yako iko kwenye kipi? Nioneshe."

Kuku wanakwaruza. Mke wa mwalimu alikuwa ameshika mdomo wake mwenyewe.

Kidole kikatoka nyuma ya kanga. Kikapita vyungu vya uji, kikapita vya mboga, kikapita mitungi midogo, kikasimama kwenye ule mtungi wa harusi.

"Siyo huo, mama," mama yangu akasema haraka. "Mama, tafadhali, mwambie achague kingine. Mama!"

"Ameambiwa aoneshe, ameonesha."

Bibi aliuinua ule mtungi kwa mikono miwili, akaukumbatia kidogo kama mtu anayeaga, akaupandisha mpaka usawa wa kifua. Akauachia.

Sijawahi kusikia tena mlio kama ule. Chungu kikipasuka hupiga kofi. Ule mtungi ulisema neno, neno zito la kutoka tumboni, halafu vigae vikatawanyika mpaka miguuni kwetu. Na juu ya mlio ule ukatoka mwingine.

"BIBI!" Athumani alipiga kelele. "Bibi umevunja! Bibi umevunja, umevunja!"

"Nimevunja, mume wangu. Na hiyo hapo sauti yako. Angalia isikupotee tena."

Akakimbia mtoto, akikanyaga vigae, akaingia katikati ya magoti ya bibi, akaanza kumweleza yote, yaani maneno yote ya zile siku aliyokuwa ameyaficha, moto na kuku na mguu uliouma, bila kuvuta pumzi. Bibi akawa anasema tu, "Alaa? Kumbe? Na wewe ukafanyaje?"

Mama alilia. Sikujua analia kwa sauti iliyorudi au kwa mahindi yaliyokwenda, na nadhani naye hakujua. "Mtungi mzima, mama. Kwa ajili ya hadithi ya kitabuni. Tutakula nini?"

"Udongo uko mtoni, haujaisha," bibi akamjibu. "Huyu yuko mto gani mwingine, nikamchimbe?"

Tulikula muhogo na mlenda mpaka tukauchukia mlenda. Bibi alifinyanga mtungi mwingine, harusi ikapita, mahindi yakaja kwa kuchelewa. Zaina alirudi uwanjani kabla ya hapo, ameletwa na mama yake mwenyewe, aliyebeba kigae. Alikuja kuomba makaa. Akasimama, akazungukazunguka na salamu, "Hamjambo, habari za kutwa, na mume wako hajambo?" Bibi akamchotea makaa mengi kuliko yanayohitajika kuwashia jiko.

"Hajambo," akasema. "Amerudi, na mahari hajaongeza."

Siku hizi ukienda kule hakuna anayefinyanga. Mama zangu wadogo walijua, mimi nilijua nusu, binti zangu hawakutaka kujua, na kwa nini watake? Ndoo ya plastiki haipasuki, na hakuna anayejaza mahindi kwenye ndoo akakuachia. Ukingo wa mto ule umelimwa nyanya. Kile kijiwe cheusi sijui kiliishia mkono wa nani. Hata kile kimya cha kuchoma vyungu kimekwenda. Sijui ni wapi tena watu wazima wananyamaza wote kwa pamoja wakisubiri kitu kitoke salama motoni.

Lakini ninalolikosa zaidi ni hili. Athumani alikua, akauza machungwa pale Mkata kwenye mabasi miaka mingi, kwa sauti iliyomfikia abiria wa kiti cha nyuma. Nilimsimulia habari ya mtungi mara nyingi. Hakukumbuka chochote. "Dada, hayo umeyaota," alikuwa akiniambia. "Nani atavunja mtungi wakati wa njaa?" Mtungi alivunjiwa yeye, na yeye ndiye aliyeusahau. Mtoto wa umri ule hakumbuki. Bibi amekwenda, mama amekwenda, mke wa mwalimu amekwenda, na mwaka juzi Athumani naye akatangulia. Nimebaki mimi peke yangu niliyeusikia ule mlio.

Ila Athumani alikuwa na tabia moja. Pale kijijini kwake alikuwapo kikongwe aliyeogopwa, mwanamke wa peke yake, watoto walikuwa wakipita kwake mbiombio. Athumani alikuwa akimpelekea maji kila akirudi kutoka barabarani, anakaa naye mlangoni, anamwita mke wangu, wanacheka. Watu walimwonya. Siku moja nikamuuliza kwa nini yeye haogopi. Akafikiri, akasema, "Sijui, dada. Nikiona bibi kizee, mkono wangu unataka tu kumshika. Ndivyo nilivyozaliwa."

Nikamwacha aamini hivyo.

Nasra alikuwa bado ananikagua. Nikamuuliza, "Huyu bibi wa kitabuni amekula leo?" Akafikiri, akasema hajala. "Basi tumpe nini?" Akasema ugali. Shabani, ambaye hahitaji maelezo marefu, alikuwa ameshasinzia kifuani kwangu, udenda unanilowesha kanga. Mtoto wa miaka miwili kasoro. Akija kuwa mkubwa watamwonesha picha yangu na atauliza huyu ni nani. Nikamsogeza kichwa kikae vizuri, nikakaa hivyohivyo bila kutingisha paja, mguu wote umekufa ganzi, mpaka mama yao aliporudi na nyanya zake.